Kofia ya Mjomba

Picha zilikuwa kumi na moja. Mke wa mjomba alinitumia zote kwa WhatsApp usiku wa Jumatatu, moja baada ya nyingine, bila neno. Mazishi yalikuwa Jumamosi. Katika ukoo wa mama mimi ndiye mwenye kompyuta, kwa hiyo kijitabu cha mazishi kilikuwa kazi yangu. Hakuna aliyehitaji kuniambia. Niliketi kitandani chumbani kwangu Kondele, Kisumu, nikazifungua moja moja, na katika kila picha jicho langu lilikwenda kwanza mahali pale pale. Juu ya nyusi.

Katika picha kumi kichwa cha mjomba kiko wazi. Yuko karakana, yuko kanisani, yuko kwenye harusi ya bintiye, yuko ufukweni Dunga na sahani ya samaki mbele yake. Katika ile ya kumi na moja amevaa kofia ya kahawia ambayo haikuwa yake. Siku hiyo naikumbuka. Mvua ilianza ghafla tukiwa uwanjani, mtu akamvisha kofia, mwingine akapiga picha. Ukingo wa kofia umemtia kivuli machoni, na mdomo umefunguka nusu kwa kuwa alikuwa katikati ya maneno.

Ni picha mbaya kuliko zote.

Nikaiweka kwenye jalada.

Jumamosi asubuhi, nyumbani kwao mama karibu na Mbale ya Vihiga, vijitabu vilipoanza kugawiwa, mama alipokea chake akakitazama muda mrefu. Akakigeuza, akakirudisha. Kisha akaniita kando, nyuma ya hema.

"Baba, huyu ni nani?"

Mama huniita baba kwa sababu nilipewa jina la babake.

"Ni mjomba, mama."

"Ndugu yangu hakuwa mtu wa kofia." Akapitisha kidole juu ya ile kofia, polepole, kama mtu anayejaribu kuifuta. "Mbona umemficha kichwa?"

Nikamwambia zile nyingine zilikuwa na ukungu, hazingechapika vizuri. Wageni wakaja kumpa pole, mazungumzo yakaishia hapo. Hajaniuliza tena. Wiki tisa zimepita, na swali lake sijaacha kulisikia hata siku moja.

## Sentimita sita na nukta nane

Ilianzia kwa kinyozi, mwaka jana mwezi wa tatu. Kinyozi wangu ni kijana wa rika langu, mkono wake mwepesi, na kwa shilingi 100 anakunyoa, anakupangusa kwa spiriti na kukupaka poda shingoni. Siku hiyo alizima mashine, akanishika kidevu, akanigeuza kushoto kisha kulia.

"Hapa mapanjani tufuate line yako au nisawazishe kidogo?"

Hakuwa na ubaya wowote. Lilikuwa swali la kazi. Lakini nilipoinua macho kwenye kioo nikamwona mjomba, zile pembe zake mbili za upara zilizoanza mbele na kurudi nyuma taratibu hadi zikakutana utosini. Nilikuwa na miaka 24.

Nilimwambia aache. Nikaacha kunyoa kwa miezi mitatu. Nikanunua kofia.

Kisha nikaanza kupima. Nina rula ya plastiki niliyokuwa nayo tangu shule ya msingi, na kila Jumapili kabla ya kanisa nilisimama mbele ya kioo, nikaiweka katikati ya nyusi na kuipandisha hadi mahali nywele zinapoanzia. Sentimita 6.8. Nikaandika kwenye daftari. Jumapili iliyofuata 6.7. Iliyofuata 7.0, na siku hiyo sikula chakula cha mchana. Niliendelea hivyo kwa miezi 14. Ninalo daftari mbele yangu hapa ninapoandika, na ukilisoma kwa utulivu utaona namba zinapanda na kushuka kati ya 6.5 na 7.1 bila kwenda popote. Ukiinua nyusi kidogo, unapata tofauti hiyo yote. Nililijua hilo tangu mwezi wa pili. Nikaendelea kupima.

Asubuhi nilikagua mto. Nilikuwa nimesoma kwamba mtu yeyote hupoteza kati ya nywele 50 na 100 kwa siku, na kwamba kichwani zipo kama 100,000, kwa hiyo hesabu ilikuwa upande wangu. Bado niliziokota. Nywele za kipilipili zikianguka hujikunja kama herufi ndogo kwenye kitambaa cheupe, na mimi nilikuwa nikizisoma.

## Vichwa vya upande wa mama

Babu, yule niliyepewa jina lake, aliota upara kabla ya miaka 35; kwenye picha yake ya kitambulisho tayari hana kitu mbele. Wajomba walikuwa watatu, na wote watatu wakafuata. Baba yangu, kwa upande wake, ana miaka 58 na nywele zake ni nene kama zulia, mvi tu ndizo zimeingia. Kwa hiyo tangu utotoni nilipokwenda kwa wajomba niliambiwa: mvulana hufuata kichwa cha mjomba. Walilisema huku wakinipapasa utosi, kwa mapenzi, kama wanaonionyesha shamba langu.

Mjomba niliyemzika ndiye mdogo wao. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, kibanda chake hakikuwa mbali na soko la Kibuye. Kidato cha tatu na cha nne nililala kwake. Karo ya mihula mitatu ilitoka mfukoni mwake, noti zenye harufu ya kutu, na hakuwahi kunikumbusha.

Jioni nilimpelekea chai karakana. Alikuwa akiinama juu ya dirisha au geti, miwani myeusi usoni, na mimi nilisimama nyuma yake nikingoja amalize kuunga. Kwa miaka miwili nilikitazama kichwa kile kwa karibu kuliko mtu mwingine yeyote isipokuwa mkewe. Kilikuwa cheusi cha kung'aa, chenye madoadoa meusi zaidi mahali cheche zilipotua, na juu ya sikio la kushoto kovu refu kama nusu kidole, jeupe kidogo, ambapo jasho lilikuwa likisimama kabla ya kuteremka. Akimaliza alisukuma miwani juu ya paji, akageuka, akapokea kikombe.

Ule mwaka wa kidato cha nne sikuwa na hofu yoyote. Nilikiona kama kichwa cha mjomba.

## Niliyoyasoma usiku

Nilitaka sayansi iniambie kwamba maneno ya wajomba ni hadithi. Haikusema hivyo. Wala haikuwakubalia moja kwa moja.

Mwanamume hubeba kromosomu X moja tu, na hiyo huipata kwa mamake. Juu yake kuna jeni inayoamua jinsi mizizi ya nywele inavyoitikia homoni za kiume, na jeni hiyo ni mojawapo ya zenye uzito mkubwa katika jambo hili. Hapo ndipo wajomba wana haki. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2017, uliopitia taarifa za wanaume zaidi ya 52,000 wa Uingereza, ulikuta sehemu zaidi ya 250 za urithi zinazohusiana na upara, na nyingi kati yake haziko kwenye X. Maana yake kichwa cha baba nacho kina kura. Ndugu wa tumbo moja wanaweza kugawana vibaya, mmoja akabaki na nywele hadi kaburini na mwingine akazikosa akiwa na miaka 30.

Usiku nilizipiga hesabu hizo kama mtu anayehesabu deni. Babu upande huu, baba upande ule.

Kinachofanya kazi yenyewe ni homoni iitwayo DHT. Mwili huitengeneza kutoka kwa testosteroni, ile ile inayotupa ndevu na sauti nzito, kwa msaada wa kimeng'enya fulani. Kwa mwenye urithi huo, DHT inapofika kwenye vitundu vya nywele vya mbele na vya utosini, vitundu huanza kusinyaa. Unywele wa kawaida huota kwa miaka miwili hadi sita, hupumzika miezi michache, huanguka, mwingine ukaanza. Sasa kila duru inakuwa fupi kuliko iliyotangulia, na kila unywele unaokuja ni mwembamba kuliko uliokwenda, mpaka kinachobaki ni malaika, zile nywele laini za mtoto mchanga. Kwa hiyo wengi wenye upara hawako watupu kabisa. Mjomba hakuwa mtupu. Jua la saa kumi likimpiga kwa upande, ungeona.

Vitundu vya kisogoni na vya pembeni havijali DHT. Ndiyo maana upara huacha ule ukanda wa nyuma, na ndiyo maana wanaopandikiza nywele huzichukua kisogoni kuzileta mbele. Wahenga walisema mwana hutazama kisogo cha nina. Nililala na methali hiyo usiku mzima, ingawa najua hawakuwa wakizungumzia nywele.

Kisa kimoja kilinishika zaidi ya vingine. Mwaka 1942 mtafiti Mmarekani, James Hamilton, aliandika kuhusu wanaume waliohasiwa kabla ya kubalehe. Hawakuota upara, hata wale waliotoka katika familia zenye upara. Walipopewa testosteroni, wale wenye urithi wakaanza kupoteza nywele; wasio na urithi hawakupoteza. Na mwaka 1974 watafiti wakiongozwa na Julianne Imperato-McGinley walichapisha habari za kijiji kimoja cha Jamhuri ya Dominika, Las Salinas, ambako baadhi ya watoto walizaliwa wakidhaniwa wasichana, kisha kufika balehe miili ikawa ya kiume. Walikosa kile kimeng'enya kinachotengeneza DHT. Walikua wakawa wanaume wenye misuli na sauti zao, na nywele za mbele hazikurudi nyuma. Kutoka kwao ndipo wazo la kuzuia kimeng'enya hicho kwa dawa lilipata nguvu, na mwaka 1997 Marekani ikaruhusu tembe ya finasteridi kwa ajili ya upara.

Sijui kwa nini watu wa kijiji kile waliniliza. Labda kwa kuwa walichunguzwa kwa sababu ya taabu yao, na mimi nikawa ninawasoma saa nane usiku nikitafuta ya kwangu.

## Wanaosema upara ni pesa

Nimewaambia watu wachache sana. Rafiki mmoja aliniambia upara ni pesa, nitulie, zinakuja. Mwingine akasema ni hekima. Mwalimu wangu wa zamani akaniambia kuna watu hawana figo na wewe unalia nywele.

Nawapenda wote watatu, na wote watatu walinifunga mdomo.

Mtu anayekuambia upara ni pesa hajakusikia. Anataka jambo lipite haraka kwa sababu mwanamume kuogopa kuhusu sura yake kunamtia haya yeye anayesikiliza. Dada zetu wakisema nywele zinakatika kwa kusukwa kwa nguvu, watu hukaa chini na kushauriana, na ni vizuri wafanye hivyo, kwa sababu misuko ya kuvuta huharibu mizizi kweli. Sisi huambiwa tunyoe para tuendelee na maisha. Nami nilichokuwa nikihofia hakikuwa nywele peke yake. Niliogopa kuzeeka machoni pa watu kabla sijaanza. Sina nyumba, sina kazi ya kudumu, mahari sijalipa. Nilihisi kama mtu atakayefika kwenye utu uzima na kichwa cha mzee na mikono mitupu.

Mchumba wangu nilimwambia mwezi uliopita tu. Alinyamaza kidogo akauliza, "Ndiyo maana huvui kofia hata tukila?" Nikasema ndiyo. Akasema alidhani ninaficha mapunye.

Pia nilinunua chupa. Shilingi 500, ndani ya matatu, kutoka kwa mtu mwenye ulimi mtamu: mafuta ya nyonyo, kitunguu maji, tangawizi na kitu kingine asichokitaja. Siku ya tatu ngozi iliwaka kama imepakwa pilipili na ikatoka malengelenge. Hilo tuliache.

## Taa ndogo

Daktari wa ngozi nilimwona baada ya malengelenge, si kwa ujasiri. Ni mama wa makamo, anaongea taratibu. Aliniambia nivue kofia, akanikalisha dirishani, akachukua kifaa kidogo chenye taa na lenzi na kukigandamiza kichwani, mbele, kisha utosini, kisha kisogoni.

Alikuwa akilinganisha unene, alinieleza. Kwa mtu ambaye upara umeanza, nywele za eneo moja huwa hazilingani, nene na nyembamba zimechanganyika. Utosini kwangu zinalingana. Mapanjani ameona chache nyembamba.

"Huenda ni mwanzo," akasema. "Huenda ni mstari wa utu uzima tu. Vijana wengi mstari wa utotoni hurudi nyuma kidogo kati ya miaka 17 na 30 hivi, halafu unasimama. Leo siwezi kukuambia wewe ni yupi."

Nilitaka kumshika mkono nimwombe achague.

Akanieleza dawa bila kunisukuma. Minoksidili ilianza kama tembe za shinikizo la damu. Wagonjwa wakaonekana wanaota nywele mahali ambapo hawakuzitarajia, na mwaka 1988 Marekani ikairuhusu kupakwa kichwani. Finasteridi hupunguza DHT mwilini kwa karibu asilimia 70. Zote mbili huchukua miezi kabla ya kuonekana chochote, na ukiacha, ulichookoa kinaondoka. Kwa wanaume wachache finasteridi hupunguza hamu ya tendo la ndoa au nguvu zake, na wapo walioripoti huzuni nzito. Akaniuliza kama nina mke. Mjamzito hatakiwi kushika tembe iliyovunjika, kwa sababu inaweza kumdhuru mtoto wa kiume tumboni.

Akasema naweza kuanza sasa, au nipige picha leo, mahali pale pale na mwanga ule ule, nirudi baada ya mwaka. Nilichagua kungoja. Sijui kama ni busara au woga wa namna nyingine. Nikiwa mlangoni akauliza, "Katika familia, nani mwenye upara?"

Nikamtajia babu na wajomba.

"Na wako vipi?"

Nilidhani anauliza kuhusu nywele. Nikaanza kumweleza, mkubwa umefika wapi, wa kati umefika wapi. Akanisikiliza hadi mwisho kwa adabu. Ndipo nikatambua kwamba alikuwa akiwajulia hali.

Mjomba mdogo wakati huo alikuwa amelazwa wiki ya pili. Nilikuwa sijaenda kumwona.

## Mwenzako akinyolewa

Nilikwenda mwishowe, mara mbili. Mara ya pili alikuwa amelala kwa ubavu, kisogo kimeelekea mlangoni, na kwa kuwa hakuwa amenyolewa kwa muda, ule ukanda wa nyuma ulikuwa umeota mvi. Nilisimama pale nikajikuta ninapima kwa macho umbali kutoka sikio hadi mahali nywele zinapokomea. Kisha akageuka, akaniita jina la babake, akaomba maji.

Hili ndilo ninalolibeba. Wala si ile picha.

Siku ya tatu baada ya mazishi, kwa desturi ya kwao mama, watu wa damu hunyolewa. Familia nyingi siku hizi zimeacha, lakini kwao bado. Wanawe wanne, ndugu zake wawili na watoto wao walikaa kwenye benchi chini ya mwembe, mzee mmoja akapita na wembe, beseni na kipande cha sabuni. Mimi ni mtoto wa dada, ukoo wangu ni mwingine, kwa hiyo sikulazimika. Nilipoambiwa hivyo nilishusha pumzi, na mke wa mjomba aliyekuwa karibu yangu akanitazama.

Mwenzako akinyolewa, chako tia maji. Nilikuwa nimesikia methali hiyo maisha yangu yote, na sasa maji yalikuwa kwenye beseni kweli, na mimi nimesimama pembeni, kofia kichwani.

Wembe ulipopita, vichwa vikasema kila kitu. Kichwa chenye nywele kikinyolewa hubaki na kivuli, kijivujivu, kama chaki iliyofutwa vibaya ubaoni. Mahali palipokufa nywele hapana kivuli. Kwa hiyo binamu mkubwa, ambaye siku zote huvaa nywele fupi na sikuwahi kushuku lolote, alikuwa na duara safi utosini. Wa pili mapanja yake yalikuwa yamefika mbali kuliko yangu. Mdogo, mwenye miaka 19, kivuli kimetanda kichwa kizima. Nilikwenda mmoja hadi mwingine kwa macho. Nililinganisha, nikakadiria miaka.

Yule wa miaka 19 alikuwa analia. Alikuwa analia tangu wembe ulipomgusa, bila sauti, machozi yakichanganyika na povu la sabuni yakiteremka shavuni, na mimi nilikuwa nimemtazama kwa dakika nzima kabla sijayaona.

## Picha ya nne

Wiki mbili zilizopita nilimpigia simu mke wa mjomba nikamwomba ruhusa ya kuchapisha picha nyingine, kubwa, ya kuweka kwenye fremu. Akauliza ipi. Nikamwambia ile ya karakana. Akanyamaza, kisha akasema hata yeye alishangaa kuona ile ya kofia kwenye jalada, ila aliona mimi ndiye niliyesoma, labda nina sababu.

Katika picha ya nne mjomba amesimama mbele ya geti alilomaliza, miwani ya kuchomelea imesukumwa juu ya paji, mkanda wake umebana kichwa na kuacha mikunjo midogo ya ngozi. Anacheka na mtu aliye upande wa kulia, nje ya picha. Jua liko nyuma ya mpigaji, kichwa chote kimewaka.

Mtu wa studio, huku mjini Kisumu, aliikuza kwenye kompyuta yake akaanza kutembeza kipanya. "Hapa juu panang'aa sana. Nikipunguze hiki kichwa kisiume macho?"

"Kiache hivyo."

"Ni dakika moja tu, sikutozi."

"Kiache, kaka. Hivyo ndivyo kilivyokuwa."

Jumamosi nikapanda matatu ya kwenda nyumbani, fremu imefungwa kwa gazeti mapajani. Tulipanda mlima wa Riat, tukapita Kiboswa, mvua ikatukuta Majengo. Nilimkuta mama jikoni anapepeta mtama. Akaipokea fremu kwa mikono miwili, akanitazama.

"Vua hiyo kofia kwanza, baba. Umeingia ndani."

Nikaivua. Hakusema lolote kuhusu kichwa changu. Aliifungua fremu, akaibeba hadi mlangoni penye mwanga, akashika ncha ya leso yake na kuanza kufuta kioo. Kilikuwa kisafi, lakini alifuta kwa muda mrefu, kuanzia mabegani, akapanda shingoni, akafika kichwani, akizunguka taratibu. Juu ya sikio la kushoto akasimama.

"Hili kovu unalijua?"

"Si ni cheche, mama? Za karakana."

"Cheche?" Akanigeukia. "Mtu aliyekulaza kwake miaka miwili, hukuwahi kumuuliza?"

Nikatikisa kichwa. Aliegemeza fremu kwenye ukuta, uso wa nduguye ukitutazama, akavuta kigoda kimoja kwa mguu na kunisukumia kingine.

"Alikuwa na miaka sita," akasema. "Mimi ndiye nilikuwa nimempeleka mtoni."